Masaa ya kazi hayashuki: mezani, CMA au mgomo?

Simu iliita nikiwa gulioni Tengeru, nimeinamia fungu la nyanya. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja cha Moshi, kijana tuliyewahi kukaa naye semina ya chama. Shikamoo yake haijaisha vizuri, tayari ameshaingia kwenye shida. "Katibu, uongozi umekataa kushusha masaa. Nusu ya wanachama wanasema tugome Jumatatu, nusu wanasema twende CMA kusuluhishwa. Wewe ungechagua lipi?"

Nikamuuliza wanadai yashuke hadi mangapi.

"Yashuke tu, Katibu."

Nilicheka, na sikumcheka yeye. Nilipokuwa katibu wa tawi kwenye shamba la maua upande wa Usa River, mimi mwenyewe niliandika barua ya "yashuke tu", ikatupotezea miezi mitatu. Huwezi kuchagua gari stendi kabla hujajua unakwenda Himo au Namanga. Kwa hiyo nitaanza kwa kulinganisha madai yenyewe, kisha ndiyo niingie kwenye njia.

Mnadai kilichovunjwa, au mnadai kipya?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo ambacho kila mjumbe wa tawi anapaswa kukijua kama namba yake ya simu: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Ukivuka hapo ni ovataimu. Ovataimu inahitaji makubaliano, inalipwa si chini ya mara 1.5 ya ujira wa kawaida, na haitakiwi kuzidi saa 50 ndani ya wiki 4. Kwa siku moja, ovataimu ikiwemo, mtu asivuke saa 12. Kuna na mapumziko: ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili dakika 60. Mwajiri halazimiki kuzilipia dakika hizo, lakini akikutaka ufanye kazi au ukae tayari kwa kazi wakati wa mapumziko, analipa.

Sasa tazama. Kama watu wako wanafanya kazi saa 50 na kulipwa 45, hamdai kupunguziwa kitu. Mnadai sheria iliyovunjwa. Hilo linaitwa lalamiko, na njia yake ni moja: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo hakuna mtu Arusha wala Moshi anayeiita hivyo, wote tunasema CMA. Unaanzia kwa msuluhishi, ikishindikana linaenda kwa mwamuzi au Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, na mmoja wao anatoa uamuzi. Mgomo hauna nafasi hapo. Madai ya namna hii yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ukichelewa unaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa kabla hata hujazungumzia masaa.

Lakini kama mnafanya kazi saa 45 halali, mnalipwa vizuri, na mnataka ziwe 42 au 40, huo ni mgogoro wa maslahi. Hakuna jaji wa kuwapa saa hizo, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Zitatoka mezani, kwa msuluhishi, au kwa mgomo.

Nilimwomba yule kijana anipigie picha daftari la getini la wiki moja na ratiba ya shifti. Ratiba ilisema kuingia saa moja asubuhi, kutoka saa tisa na nusu alasiri, chakula saa nzima katikati. Hiyo ni saa saba na nusu kwa siku, mara sita, jumla 45. Karatasi imenyooka. Nikamuuliza, mnakula kwa dakika ngapi kweli? Akanyamaza kidogo. "Thelathini. Mashine haizimwi, tunapokezana."

Dakika 30 kwa siku 6 ni saa 3. Kiwanda kilikuwa kinakula saa 48 na kuandika 45, na saa 3 zilizopotea ni nyingi sawa na zile ambazo tawi lingepata kwa kushuka kutoka 45 hadi 42! Nusu ya mgomo wa Jumatatu ilikuwa tayari imeandikwa kwenye sheria, inasubiri barua moja.

Kwa hiyo tenganisheni. Madai ya aina ya kwanza yaandikieni barua yake, ya pili barua yake. Mkiyachanganya kwenye karatasi moja, mwanasheria wa mwajiri atawazungusha kwenye la kwanza mpaka la pili lisahaulike.

Masaa pungufu yana sura tatu

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo matawi mengi yanapoteleza.

Sura ya kwanza ni kupunguza kweli: mshahara wa mwezi ubaki uleule, saa zishuke. Mwanachama anasikia muda. Mhasibu wa kampuni anasikia nyongeza ya mshahara, na hajakosea. Tuchukue mshahara wa shilingi 234,000 kwa mwezi, namba ambayo nimeichagua kwa sababu ni rahisi kugawanya. Sheria inakokotoa mwezi kwa kuzidisha saa za wiki kwa 4.333:

| Saa kwa wiki | Thamani ya saa 1 | Ovataimu ya saa 1 | Ongezeko la gharama ya saa |
|---|---|---|---|
| 45 | 1,200 | 1,800 | – |
| 42 | 1,286 | 1,929 | 7.1% |
| 40 | 1,350 | 2,025 | 12.5% |

Mkiingia mezani mkiomba 40, mjue mmeomba asilimia 12 na nusu, na jiulizeni kama mngethubutu kuiomba asilimia hiyo kwa mshahara. Pengine ndiyo. Lakini msishangae meneja akishika kichwa.

Kuna mtego wa pili humo humo. Mkishusha hadi 42 bila kugusa ovataimu, kazi ikibaki ileile, watu wataendelea kutoka saa ileile na saa 3 za mwisho zitalipwa kama ovataimu. Mtakuwa mmepata hela, hamjapata muda. Vijana wengi watafurahia, nawajua. Kwetu wapo waliokuwa wanakuja kamatini kwa siri kusema tusiharibu ovataimu. Si vibaya, ila kamati iseme wazi inatafuta kipi, na iandike kwenye mkataba kikomo cha ovataimu kama ni muda unaotafutwa.

Sura ya pili haipunguzi hata dakika. Ni kuzipanga upya. Saa 45 zinaweza kukaa kwenye siku 5 za saa 9, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa nzima ya chakula katikati. Sheria inaruhusu hata zaidi ya hapo kwa makubaliano ya maandishi: hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula, bila kuhesabiwa ovataimu, mradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Jumamosi inakuwa ya mtu.

Niseme nilivyoijua sura hii, maana sikuisoma popote. Baada ya barua yetu ya "yashuke tu" kukataliwa, tuliita mkutano nyuma ya pakihausi, banda la kufungashia maua. Kamati ilikuwa ya wanaume tupu isipokuwa dada mmoja, na waliojaa pale kwenye meza za kupanga maua ni kina mama. Mama mmoja, mkubwa kuliko sote, glavu bado mkononi, alisimama akaniuliza, "Katibu mwanangu, nani alikwambia mimi nataka masaa? Mimi nataka Jumamosi." Gulio la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Jumatano hawezi. Jumamosi akitoka saa nane, ndizi zake za nyuma ya nyumba zinauzwa na jirani, kwa bei ya jirani. Kumtoa mapema nusu saa kila siku kusingemsaidia kitu. Wenzake wakapiga makofi, nasi kamati tukaangalia viatu.

Wapo waliopinga pia, na walikuwa na hoja. Kutoka saa kumi na moja, ukisubiri gari la kampuni, ukashuka njia panda na kupanda kwa miguu kuelekea mlimani, unafika giza linaingia, na mtoto amekaa peke yake tangu arudi shule. Ndiyo sababu nasema hesabu za masaa zisifanywe na kamati peke yake. Pitisheni karatasi, mtu aandike: saa, au siku?

Kwa mwajiri sura hii ni nafuu. Hapotezi saa, na anaokoa siku nzima ya mafuta ya basi na ya jikoni. Ukiwa na meneja mgumu, anzia hapa.

Sura ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo isiyojulikana. Kwenye maua, mboga za nje, kahawa na hata hoteli za watalii, kazi haifanani mwaka mzima. Shamba la waridi linakimbia kuanzia mwisho wa Januari kwa ajili ya Februari 14, kisha katikati ya mwaka, Ulaya ikiwa kwenye joto na bustani zao zimechanua, mnafagia njia. Mwajiri anatamani awatumie sana msimu wa kazi na kidogo msimu wa kazi haba. Sheria inamruhusu kufanya wastani wa saa kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, kwa masharti: iwe kwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama yenye sahihi ya chama, na wastani wa saa za kawaida usizidi 40 kwa wiki, na ovataimu wastani wa 10.

Soma tena hapo. Arobaini. Ile namba ambayo meneja anasema haiwezekani, bunge lilishaiandika kama bei ya kitu anachokihitaji yeye. Nilipoiona mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakifungua tena.

Hatari yake ni hesabu. Bila kadi ya kila mtu inayoonyesha saa alizofanya na zinazobaki, Februari itafanywa na Julai haitarudishwa. Na andikeni mapema: mtu akiacha kazi Machi, baada ya msimu mzito na kabla ya msimu mwepesi, saa zake zinalipwaje?

Wajerumani walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1984 chama cha mafundi chuma, IG Metall, kiligoma karibu wiki saba kikidai saa 35. Kilichowatoa ni msuluhishi, Georg Leber, waziri wa zamani ambaye naye alikuwa mtu wa vyama. Walipata wastani wa 38.5, na waajiri wakapata ruhusa ya kuwapanga watu kati ya saa 37 na 40 kiwandani. Saa 35 kamili zilifika 1995. Kila upande uliuza kitu, na sura ya tatu ndiyo iliyokuwa sarafu.

Mezani

Njia ya kwanza ni kukaa wenyewe. Ina sharti moja: chama kiwe kimetambuliwa, na utambuzi unahitaji wingi wa wafanyakazi wa kundi linalojadiliwa. Iwe TPAWU mashambani, TUICO viwandani au CHODAWU mahotelini, kadi za uanachama zikiwa chini ya nusu, mwajiri hana wajibu wa kujadiliana nanyi. Zikizidi nusu, mkapeleka taarifa rasmi, ana siku 30 za kukutana nanyi, na akipiga chenga suala la utambuzi lenyewe linaenda CMA. Akishawatambua, anapaswa kujadiliana kwa nia njema na kuwapa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Taarifa hizo ziombeni kwa maandishi: saa za ovataimu zilizolipwa mwaka mzima kwa kila idara, na utoro wa kila mwezi. Sisi tulipata karatasi ya ovataimu, tukagundua kuwa Jumamosi mchana ndiyo yenye utoro mkubwa kuliko muda wowote wa wiki. Hoja yetu ilikuwa imelala kabatini mwao.

Uzuri wa meza ni kwamba mambo madogo yanaingia. Basi, jiko, chumba cha kunyonyeshea, nani afungue vali ya maji asubuhi ya Jumamosi. Kwa msuluhishi au kwenye mgomo hivyo vyote vinapotea.

Ubaya wake ni kwamba mnayekaa naye mara nyingi hana mamlaka. Afisa utumishi anatabasamu, anaandika, anasema atawasiliana na makao makuu. Kikao cha pili anaandika tena. Ile miezi mitatu niliyoitaja iliishia hapo. Siku hizi namshauri kila mtu: kikao cha kwanza, kabla ya chai, ombeni barua inayoonyesha nani ana mamlaka ya kusaini. Hakuna barua, hakuna kikao cha pili, mnahamia njia inayofuata bila kugombana.

CMA

Mnajaza fomu namba CMA F.1, nakala kwa mwajiri, mnapangiwa msuluhishi. Hakuna ada. Ofisi zipo Arusha na Moshi, kwa hiyo hakuna safari ya Dar. Kipindi cha usuluhishi ni siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Msiache kwenda siku ya kikao: upande wa wafanyakazi ukikosa kuhudhuria, msuluhishi anaweza kuongeza siku 30 nyingine, mwajiri akikosa, msuluhishi anaweza kukifupisha kipindi. Sheria hapo imewapendelea wanaofika.

Watu wanalaumu kwamba msuluhishi "hana meno". Kweli, kwenye mgogoro wa maslahi hawezi kumlazimisha mtu. Lakini wanaosema hivyo huwa hawajamwona msuluhishi mzuri akiwatenga watu vyumba viwili. Meneja ambaye mbele yetu alisema 45 au hakuna kitu, akiwa peke yake anaweza kuulizwa jambo ambalo sisi hatungeweza kumuuliza bila yeye kuona aibu: "Jumamosi ikifa, ni oda ipi hasa itakwama?" Kwetu jibu lilikuja kuwa ndege ya Jumapili, oda moja, watu kumi na wanane. Miezi mitatu tulikuwa tunapigania shamba zima.

Kuna faida nyingine isiyosemwa. Siku 30 zikiisha bila makubaliano, mlango wa mgomo halali unafunguka, na mwajiri anaijua kalenda hiyo kama ninyi. Mkipeleka fomu Aprili, anapumua. Mkiipeleka mapema Desemba, siku 30 zinaisha Januari, na Februari 14 inaonekana kwa macho. Huo si ujanja mbaya. Yeye naye akitaka kupunguza watu anachagua mwezi.

Mgomo

Nitakuwa mkweli: sijawahi kuongoza mgomo, nimewahi kuuzuia, na bado nadhani kuna siku unastahili.

Masharti ni haya. Mgogoro uwe wa maslahi. Uwe umepelekwa CMA na kipindi cha usuluhishi kiwe kimekwisha. Kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga wakubali. Mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Mkitimiza, mgomo si uvunjaji wa mkataba na mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa kugoma, wala kuleta watu wa nje kushika nafasi zenu. Mkiruka hatua moja, anakwenda Divisheni ya Kazi kuomba zuio, na kinga yote inaanguka. Kura ya kunyoosha mikono chini ya mti, na mgomo wa "Jumatatu asubuhi tusiingie", si mgomo halali hata mkiwa na haki tele.

Kuna mambo yanayowashangaza wengi. Kukaa getini kuwazuia au kuwashawishi wengine wasiingie ni marufuku. Kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie pia. Na yeye anaweza kuwafungia ninyi nje, naye kwa taratibu zake. Kama mkataba wenu wa hali bora wa sasa una kifungu cha saa za kazi na bado haujaisha, hamwezi kugoma juu ya saa hizo. Usome mkataba wa zamani kwanza, ule ambao kila mtu anadhani upo kwa mwenzake. Na wanaotoa huduma muhimu, yaani maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege, kwa kawaida hawaruhusiwi kugoma. Mgogoro wao wa maslahi unaishia kwa mwamuzi. Muuguzi wa Moshi na mvuna maua wa Usa River hawana menyu moja.

Halafu hesabu. Siku za mgomo hazilipwi. Kwa ule mshahara wa 234,000, siku 26 za kazi, kila siku ni 9,000. Mgomo wa siku 10 ni 90,000 kwa kila mtu. Saa 3 mnazotafuta kwa wiki zina thamani ya kama 3,860. Mtazirudisha fedha zenu baada ya wiki 23 au 24. Si sababu ya kutogoma, ila ni namba ya kusoma kwa sauti kabla ya kura, hasa Januari, ada za shule zikiwa mlangoni.

Nguvu ya mgomo nayo hailingani. Waridi lililochanua haliwezi kusubiri siku tatu. Kiwanda chenye ghala lililojaa mali ya miezi miwili kitawaangalia mkichoka. Wa mashambani wana silaha kali, na kwa sababu ni kali naomba wakubaliane mapema nani atamwagilia na nani atashika chumba cha baridi, maana grinihausi likikauka hakuna kazi ya kurudi nayo, iwe ya saa 45 au 40.

Mwamuzi wa hiari, na mahakama

Mkishakubaliana kila kitu mkabaki na namba moja, sema wao 44 nanyi 42, mnaweza kukubaliana kwa maandishi mtu wa tatu aamue, na uamuzi wake uwafunge. Mkisaini hivyo mmeachia mgomo. Ni njia nzuri kwa kipande cha mwisho, mbaya kwa dai zima. Usimkabidhi mgeni maisha yako ya wiki nzima. Mahakama, kwa mgogoro wa maslahi, haina la kuwapa.

Ningechagua lipi

Tawi changa lenye kadi pungufu ya nusu lisiguse masaa mwaka huu. Likusanye kadi, lilalamikie kilichovunjwa, chakula na ovataimu, maana lalamiko halihitaji wingi. Kushinda hapo kunaleta kadi.

Tawi lenye utambuzi na meneja mwenye sahihi: mezani, kwa sura ya pili au ya tatu, si ya kwanza.

Tawi lenye utambuzi na meneja wa "nitawasiliana": kikao kimoja, kisha CMA, fomu ikipangwa na kalenda ya mwajiri. Kwa matawi mengi ninayoyajua kati ya Arusha na Moshi, hii ndiyo njia, na ndiyo tuliyoishia sisi.

Mgomo ningeuweka kwa yule ambaye usuluhishi umekwisha, kura imepigwa kwa karatasi, mali ya mwajiri inaharibika haraka, na wanachama wameisikia ile 90,000 na bado wakanyoosha kifua. Wakiwa hawajaisikia, sihesabu kura hiyo.

Njia yoyote mtakayochagua, jaribuni kutoka na kipindi cha majaribio badala ya ushindi kamili. Sisi tulisaini miezi mitatu. Pakihausi Jumamosi mapumziko, isipokuwa wale kumi na wanane wa oda ya Jumapili, kwa zamu na kwa ovataimu. Grinihausi Jumamosi moja ndiyo moja hapana, kwa kuwa ua halijui wikendi. Tulikubaliana vitu vitatu tu vya kupima, vikabandikwa ukutani kila Ijumaa pande zote mbili zione: shina zilizofungwa kwa saa, utoro, na ovataimu iliyolipwa. Na sentensi moja iliyotuchukua mchana mzima kuiandika: miezi mitatu ikiisha bila upande wowote kuleta pingamizi kwa maandishi, utaratibu unaendelea. Mwanasheria wao alitaka iwe kinyume chake, yaani tukikaa kimya unakufa. Tulikataa mpaka chai ikapoa, na kwa hilo bado najivuna.

Yule kijana wa Moshi alipiga tena juzi. Barua ya dakika 30 ilijibiwa ndani ya wiki, mashine sasa ina mtu wa kupokea na watu wanakula saa nzima. Mgomo wa Jumatatu haukuwepo. Amepitisha karatasi ya "saa au siku" kiwandani na majibu yamegawanyika karibu katikati, shifti ya usiku wakitaka kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: kuingia saa nne badala ya saa mbili, wapate kula na familia. Kamati inabishana. Nimemwambia asipeleke fomu yoyote mpaka wamalize.